Hewa ya Juu ya Mstari Mweupe

Jumatano moja ya Oktoba, mwaka 1972, saa kumi na mbili jioni, Roy Yardley alisimama juu ya kiti cha jikoni kwao Willenhall, mji wa watengeneza kufuli huko Uingereza, akiwa amevaa suruali ya satini ya rangi ya fedha. Dada yake Noreen alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini sita mdomoni, anapima upindo. Suruali ilikuwa bugaluu, pana chini hata ikafunika viatu vya raizoni ambavyo soli zake zilikuwa nene kama tofali. Satini yenyewe ilikuwa pazia la jumba la sinema lililofungwa mwaka uliotangulia.

"Usitikisike," Noreen alisema katikati ya pini.

"Sitikisiki mimi. Kiti hiki."

"Kiti kimekaa hapa miaka ishirini hakijawahi kucheza. Kiuno chako ndicho hakitulii."

Baba yao, Horace, alikuwa mezani anakula kababu za maini na njegere. Alikuwa ametengeneza kufuli kwa miaka arobaini na mmoja, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kuinamia tupa, kama migongo ya wanaume wengi wa rika lake mjini pale. Alimaliza njegere zote ndipo akainua macho.

"Hiyo blauzi ni ya mama yenu."

"Ndiyo, baba," alisema Roy.

"Na yeye atavaa nini?"

Mama yao, Ivy, alikuwa anaosha vyombo. "Ninayo nyingine," alisema. "Tena imemkaa vizuri kuliko ilivyowahi kunikaa mimi. Mwache mtoto apendeze."

Mtoto alikuwa na miaka ishirini na sita na ndevu. Lakini mwaka ule ndivyo mambo yalivyokuwa. Kila Alhamisi jioni, kwenye televisheni, walitokea vijana wenye wanja machoni, midomo imepakwa rangi, nyota zimebandikwa mashavuni, wakapiga roki nzito ya kumetameta. Ijumaa asubuhi wanaume wa viwandani walikuwa wakiijadili kwa sauti kubwa kupita mashine. Wazee walisema ni aibu, kisha wakauliza vijana wale wananunua wapi viatu.

Bendi ya Roy iliitwa Tausi wa Bati. Yeye aliimba. Ndugu wawili wa ukoo wa Tonks, wang'arishaji wa shaba, walipiga besi na ngoma. Gitaa lilipigwa na Noreen, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa na ambaye mchana aliendesha mashine ya kukatia visahani vya kufuli. Nyimbo zote zilikuwa zake. Alizitunga palepale mashineni, kwa mdundo wa mashine yenyewe: mapigo mawili mazito, la tatu kimya, halafu mawili tena. Watu walipozisikia mara ya kwanza, miguu yao ilizijua tayari.

Walipiga Jumamosi jioni katika klabu ya wafanyakazi iliyokuwa mwisho wa mtaa wao. Klabu ile ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliweza kuingia kama mgeni, akiandikwa daftarini na mwanachama, na aliruhusiwa kukaa katika ukumbi wa muziki tu. Baa ilikuwa ya wanaume peke yao, na sakafuni mbele ya mlango wake ulipakwa mstari mweupe ambao viatu vya kike havikuuvuka. Hakuna aliyeuliza sababu. Ukutani mwa baa, juu ya mabenchi, palichongwa mashimo ili wazee wenye vibyongo waegemeze migongo yao vizuri. Ilikuwa klabu yenye kujali wanachama wake.

Shida ilikuwa moja. Njia ya kwenda jukwaani ilipita ndani ya baa. Kwa hiyo Roy na akina Tonks walipita baani na satini zao, wakipigiwa miluzi na kununuliwa bia, na Noreen alizunguka nje, akapita uani penye makaa, akaingilia dirishani na gitaa mgongoni.

Horace ndiye aliyekaa mlangoni na daftari la wageni.

"Jina la mgeni?" alimuuliza binti yake kila Jumamosi.

"Noreen Yardley, baba."

"Unaletwa na nani?"

"Na mimi," alisema Roy, akitia sahihi huku bangili za mama yake zikigonga meza.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Novemba, yapata saa mbili kasoro, katika wimbo wa tatu, Noreen alipopiga mguu chini na mguu haukufika. Alipiga wa pili, nao haukufika. Alikuwa shubiri moja juu ya mbao za jukwaa. Aliendelea kupiga gitaa, kwa sababu wimbo ulikuwa haujafika kiitikio.

Tonks mkubwa alimwona, akausogeza waya wa gitaa kwa kiatu chake usije ukamnasa. Ivy alikuwa kiti cha mbele na glasi yake ya shandi, bia iliyochanganywa na soda.

"Nilimwambia zile soli hazikubandikwa vizuri," alimwambia jirani yake.

"Gundi za siku hizi," alisema jirani.

Kufikia wimbo wa tano Noreen alikuwa usawa wa meza, na huko ndiko alikoishia, kwa sababu waya ulikuwa wa futi kumi tu. Muziki ulipokwisha alishuka taratibu, akatua, akaomba maji. Watu walipiga makofi sana. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Sidney Hackett, ambaye zamani alikuwa msimamizi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, alikuja na lalamiko moja tu.

"Miguu yake imeziba ubao wa namba za bingo."

"Wiki ijayo tutamsogeza kushoto," alisema Roy.

Wakamsogeza kushoto.

Roy naye alijaribu kupaa. Alijaribu kwa viatu vyake, akajaribu kwa viatu vya Noreen, halafu kwa gitaa la Noreen, ambalo hakujua kulipiga. Hakuachana na sakafu. Siku moja, wakiwa wanachambua nyuzi za shanga sebuleni, alimuuliza.

"Ukiwa kule juu, dada, huwa unafikiria nini?"

Noreen alifikiri. "Kwamba pale nilipo hapana mtu wa kuniambia nizunguke nyuma."

"Basi ndiyo maana mimi sipai," alisema Roy. "Mimi kila mahali wananiambia karibu." Alisema hivyo bila kinyongo, akaendelea na shanga.

Kufikia Januari mji mzima ulikuwa unameta. Foleni ya wanja katika duka la dawa ilifika hadi kituo cha basi. Wachoma chuma walisimama mbele ya tanuri na chenga za fedha kwenye kope, na walisema hata moto unapendeza zaidi ukiutazama hivyo. Kinyozi alianza kufundishwa na mkewe namna ya kusuka. Kasisi alihubiri juu ya tausi walioletwa kwa mfalme Sulemani, na vijana wawili waliokuwa hawajakanyaga kanisani tangu kubatizwa walikaa mpaka mwisho. Chenga ziliingia ndani ya kufuli. Mteja mmoja wa Kanada aliandika barua kusema kufuli lake linang'aa gizani, na akaagiza mengine mia nne.

Akina Tonks nao walipata waya mpya, uliokuwa wa simu ya mgodi wa makaa uliofungwa. Ulikuwa na urefu wa futi mia moja na haukuwa na thamani kwa mtu mwingine yeyote.

Jumamosi ya kwanza ya Machi Noreen alipiga wimbo wake wa polepole, na kwa kuwa waya ulimruhusu, alipanda hadi darini. Juu ya mlango uliotenganisha ukumbi na baa palikuwa na tundu pana la kupitisha moshi wa sigara. Alielea kuelekea huko bila kusudi lolote, kama mtu anavyosogea dirishani akiwa anafikiri, akapita tunduni na gitaa lake, akawa ndani ya baa.

Hakuwahi kuiona. Aliona vichwa vya wanaume wapatao arobaini, vingine na upara, vingine na chenga. Aliona mashimo ya migongo ukutani. Aliona kwamba zulia lao lilikuwa jipya na la ukumbini lilikuwa kuukuu. Chini yake wazee wanne walikuwa wanacheza dhumna, na mmoja wao alisema bila kuinua kichwa:

"Noreen, hapo ulipo unauona mkono wa Albert?"

"Nauona."

"Sita-sita anayo yeye?"

"Siwezi kusema, mzee. Mimi si mwanachama."

"Kweli," mzee alisema, akaweka tatu-mbili.

Bwana Hackett alitoka nyuma ya kaunta akifuta mikono. Alitazama juu, akatazama mstari mweupe, akatazama juu tena. Alimsubiri amalize wimbo, kwa sababu hakuwa mtu wa kukosa adabu, kisha akamwomba arudi alikotoka, naye akarudi.

Kamati ilikutana Jumanne iliyofuata saa kumi na mbili jioni, watu kumi na wawili, Horace akiwa mmoja wao. Walikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa kama hewa iliyo juu ya baa ni sehemu ya baa. La pili lilikuwa barua ya Noreen. Mwezi Juni kungekuwa na mashindano ya bendi za klabu jijini Birmingham, na kila mpigaji alitakiwa awe na kadi ya uanachama. Noreen aliomba kadi.

Kikao kilifanyika baani. Roy alihudhuria kama mwanachama, amevaa koti la manyoya ya waridi. Noreen alisimama upande wake wa mstari, mlango ukiwa wazi, asikie.

"Kanuni inasema 'kuvuka mstari'," alisema mjumbe mmoja. "Mstari uko sakafuni. Binti hakuigusa sakafu. Njiwa akiingia humu tutamwambia amevuka?"

"Njiwa hapigi gitaa," alisema mwingine.

"Njiwa dume au jike?" aliuliza wa tatu.

Mjumbe aliyewahi kuwa karani wa mwanasheria alieleza kwamba kwa mujibu wa hati, klabu inamiliki kiwanja kwenda chini mpaka yanapoanza makaa, na kwenda juu mpaka mbinguni. Jambo hilo lilimaliza ubishi. Ilikubaliwa kwamba hewa ni baa. Ilikubaliwa pia kwamba haikuwa haki kumlaumu mtu kwa kuvuka mstari asiouona, na kwa hiyo upakwe mwingine darini.

"Sasa la kadi," alisema Hackett. "Noreen binti yangu, hakuna anayesema hujui kupiga. Lakini klabu hii ni ya wanaume. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu."

"Bwana mwenyekiti," Noreen alisema pale mlangoni, "Roy amevaa blauzi ya mama, na hereni za shangazi."

"Ndani ya blauzi yumo mwanamume."

"Na wewe wanja wako umechuruzika."

"Wapi?"

"Jicho la kushoto."

Hackett alitoa leso, akafuta. Wakati ule alikuwa anapaka rangi ya kijani, iliyomfaa. "Asante, binti yangu. Tuendelee. Wanaopinga ombi wanyooshe mikono."

Ilinyooshwa mikono kumi na miwili.

Kazi ya kupaka mstari wa darini alipewa Horace, kwa kuwa alikuwa na brashi. Alikwenda Jumatano alasiri. Ngazi ya klabu ilikuwa fupi kwa futi nne, na mgongo wake haukumruhusu kujinyoosha. Alisimama chini muda mrefu akiitazama dari. Mwishowe alikwenda nyumbani kumwita Noreen, naye Noreen akaja na gitaa. Alipiga kidogo mpaka akafika juu, akalining'iniza gitaa begani, akashika brashi. Walikuwa wamegundua kwamba baada ya wimbo mrefu anaweza kubaki juu kwa dakika kumi hivi bila kupiga. Horace alimpandishia kopo la rangi kwa kamba.

Alipaka bila haraka.

"Ulinyoosha mkono, baba?"

"Nilinyoosha."

Brashi ilienda na kurudi.

"Walinyoosha wote," alisema Horace. "Nimekaa nao tangu nina miaka kumi na minne. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Nimesikia."

Horace aliinua shingo kadiri ilivyoinuka. "Hapo karibu na taa haujanyooka."

"Umenyooka, baba. Wewe ndiye umepinda."

Horace alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akabaki ameshika kamba ya kopo. Mstari ulipokauka ulikuwa umenyooka kuliko ule wa sakafuni.

Nyumbani Roy alikuwa ameamua kwamba hataenda Birmingham. Alivua manyoya ya waridi, akavaa sweta ya kahawia, akakaa nayo jikoni ili wote waone jinsi alivyoamua.

"Bila wewe hatuna bendi," alimwambia Noreen. "Tuna watu watatu waliovaa mapazia."

"Mtakwenda, na mimi nitakwenda."

"Hawatakuruhusu kuingia ukumbini."

"Ukumbi wao uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Una madirisha?"

Roy alimtazama, halafu akaanza kuivua ile sweta.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi ya jua kali, saa tisa alasiri. Noreen alisimama kando ya barabara chini ya jengo, amevaa satini ya dhahabu aliyojishonea mwenyewe, na nyota mbili kwenye kope. Tonks mdogo aliteremsha waya dirishani. Noreen alichomeka, akapiga mapigo mawili na kimya kimoja, akapanda hadi usawa wa dirisha. Mabasi yalipita chini ya miguu yake. Askari polisi mmoja alikuja akasimama chini.

"Dada, una kibali cha kusimama hapo?"

"Sijasimama, afande."

Askari alilifikiria jambo hilo. "Basi endelea," alisema, na kwa nyimbo nne zilizofuata alizuia magari upande ule ili moshi usimsumbue.

Ndani, Tausi wa Bati walipiga wakiwa wanaume watatu, na sauti ya gitaa ikitoka ukutani. Walipofika wimbo wa mwisho Roy alisimamisha ngoma, akasema kwenye kipaza sauti: "Anayepiga gitaa ni dada yangu Noreen. Nyimbo zote mlizosikia ni zake. Yuko dirishani, mkigeuka mtamwona."

Watu mia sita waligeuka. Noreen aliwapungia mkono. Walipiga makofi hadi mbao za madirisha zikatikisika, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza tikiti alipanda juu ya kiti chake ili apige makofi vizuri. Waamuzi walinong'onezana. Waliandika kwamba dirisha, kwa upande wa nje, si ukumbi, na kwamba kwa hiyo bendi imetimiza masharti: wapigaji watatu, kadi tatu. Wakaipa nafasi ya kwanza.

Lilikuwa kombe kubwa la shaba, limeandikwa majina matatu. Kwenye basi la kurudi Roy aliliweka mapajani pa Noreen, akaliacha hapo safari nzima. Akina Tonks waliimba. Ivy, aliyekuwa amekwenda na sandwichi za watu kumi, aligawa sandwichi hadi kwa dereva. Noreen aliona uso wake katika shaba, umevutika na kupanuka, na zile nyota mbili bado zipo. Alikuwa amefurahi, na hakutaka kuifanya furaha ile kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Jumatatu kombe liliwekwa kwenye kabati la kioo baani, kwa kuwa ni mali ya klabu.

Klabu haikukosa shukrani. Kamati ilikaa tena, ikakubaliana kwamba si vizuri bingwa wa Birmingham kuzunguka uani penye makaa na kuingilia dirishani kama mwizi. Mwezi Julai walikata dari na paa juu ya jukwaa, wakaweka mlango wa kufunguka juu, wenye bawaba za shaba na kufuli la visahani vitano lililotengenezwa mjini palepale. Hackett mwenyewe ndiye aliyeuchora. Siku ya kuufungua walikuwepo watu kutoka klabu tisa, kulikuwa na utepe, na kila mtu alipewa ngozi za nguruwe zilizokaangwa.

"Kuna wanaosema klabu yetu inabagua," alisema Hackett juu ya jukwaa, macho yake yameng'aa kijani. "Waje wautazame mlango huu. Nani mwingine nchi hii amemkatia mwanamke paa?"

Walishangilia, na Noreen naye alishangilia, kwa sababu mlango ulikuwa mzuri kweli. Ufunguo uliwekwa baani, kwenye msumari nyuma ya kaunta. Kila Jumamosi Noreen alipofika juu ya paa aligonga mara tatu kwa kisigino cha raizoni, na Hackett aliacha alichokuwa anafanya akaenda kumfungulia. Hakuchelewa hata mara moja.

Septemba mwanamke wa mashine ya jirani yake kiwandani, Hilda, aliinuka shubiri mbili wakati wa mapumziko ya chai, kikombe mkononi. Alikuwa anaimba ule wimbo wa mapigo mawili. Wenzake walimwambia ajihadhari na feni. Wiki ileile waliinuka wengine wawili. Msimamizi wa kiwanda alipima, akaona kwamba kwa urefu ule mikono yao inafikia rafu za juu bila ngazi, akaziuza ngazi.

Noreen alishona usiku na mchana, maana kila aliyeinuka alitaka suruali. Aliwafundisha namna ya kutua bila kuvunja soli, na namna ya kukaa upande usio na upepo. Jumamosi jioni walikuja pamoja kwa njia ya paa, wamevaa satini za rangi kumi na moja, wakatua katika ukumbi wa muziki, wakaandikwa daftarini mmoja mmoja. Wanaume walisema ukumbi haujawahi kupendeza namna ile. Lakini foleni ya juu ya paa ilikuwa inachelewesha bingo, na kwa hiyo kabla ya Krismasi kamati ilikata mlango wa pili.

Kikao cha mwaka cha kamati kilifanyika Jumapili moja ya Aprili, 1974, saa sita mchana, baani. Barua ya Noreen ilisomwa. Safari hii ilikuwa na sahihi kumi na moja chini yake. Hackett, ambaye siku hizo alikuwa anapaka zambarau, alisema kwamba kila mtu anajua heshima ambayo klabu inawapa akina mama wanaopaa, na kwamba milango miwili ni ushahidi, na kwamba mlango wa tatu unaweza kufikiriwa. Kuhusu kadi, alisema, kanuni ni kanuni.

"Wanaokubali ombi?"

Ilikuwa kawaida kuuliza hivyo haraka na kupita. Hackett alikuwa amekwisha kufungua mdomo kwa swali la pili, karani wa kamati aliposema, "Horace, unajikuna?"

"Hapana," alisema Horace. "Nimenyoosha mkono."

"Umenyoosha chini mno."

"Ndipo unapofika."

Walimtazama. Mkono ulikuwa usawa wa sikio lake, na hakuushusha. Nje ilisikika treni ya mizigo ikipita, ndefu. Hackett alimsubiri kwa heshima, kama alivyosubiri zamani wimbo wa Noreen uishe, halafu akauliza wanaopinga, na karani akaandika: anayekubali mmoja, wanaopinga kumi na mmoja. Mzee wa dhumna alimnunulia Horace bia, akamwambia hakuna ubaya. Horace aliinywa yote na kusema hakuna ubaya.

Alifika nyumbani saa nane. Roy alikuwa anakata nyama, kucha zake zimepakwa rangi ya fedha. Noreen alikuwa karibu na dirisha na suruali ya mtu mapajani. Ivy alikuwa jikoni, ameinuka tangu alipoanza kumenya viazi. Yeye alikuwa wa kumi na mbili, naye alikuwa amelianza jambo hilo Alhamisi iliyotangulia, wakati wa kuanika nguo.

"Imekuwaje?" aliuliza Ivy.

"Kama mwaka jana."

"Wote?"

Horace alivuta kiti, akakaa. "Kasoro mmoja."

Noreen alikata uzi kwa meno. Alimtazama baba yake akijisugua bega la kulia.

"Linakuuma?"

"Kidogo. Halijazoea."

Ivy alitoka jikoni na sufuria, miguu yake ikiwa usawa wa meza. Akainama kutoka juu, akampa Horace viazi viwili, akafikiri, akamwongeza cha tatu. Horace alisogeza glasi isije ikagongwa na vidole vya miguu ya mkewe, na wakaanza kula.